Dawa ya panya isije ikawa sumu ya mtoto

Sauti inasikika kabla muuzaji hajaonekana. "Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya viroboto," kipaza sauti kinarudia maneno yaleyale kutwa nzima, kuanzia stendi hadi uchochoroni. Mzazi ambaye usiku wa kuamkia leo panya wametoboa mfuko wake wa sembe ananunua pakiti mbili bila kuuliza swali.

Mara nyingi pakiti hiyo haina jina la sumu iliyomo, haina kipimo, haina tarehe ya mwisho wa matumizi wala maelezo ya nini kifanyike mtu akiila kwa bahati mbaya. Nusu inachanganywa na dagaa na kuwekwa nyuma ya kabati. Nusu iliyobaki inafungwa kwenye kikaratasi na kusukumwa chini ya kitanda, "itafaa siku nyingine."

Kwenye nyumba yenye mtoto aliyeanza kutambaa, nusu hiyo iliyobaki ni hatari kubwa kuliko panya mwenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili anaijua dunia kwa mdomo. Kila anachokiokota anakionja, na mwili wake ni mdogo, hivyo kiasi cha sumu ambacho mtu mzima angekitapika na kupona kinaweza kumuua yeye.

Hii haina maana kwamba mzazi awaache panya na mende watambe. Wadudu na panya wanaleta maradhi. Suala ni mpangilio: nini kianze, nini kifuate, na sumu iwe ya ngapi kwenye orodha.

Sababu ya kuwaogopa ipo

Waswahili husema panya huuma huku akipuliza, na mzazi aliyewahi kuamka asubuhi akakuta kidole cha mguu cha mtoto kimetafunwa anajua kuwa si utani. Lakini panya hana haja ya kuuma ili alete ugonjwa. Mkojo wake unatosha.

Julai 2022, Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa usiofahamika wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Watu walipata homa kali, kichwa kuuma, mwili kuchoka na kutokwa damu puani. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni homa ya mgunda. Wakati huo wagonjwa walikuwa 20 na vifo 3.

Bakteria wa homa ya mgunda hukaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Mtu huwapata kwa kugusa maji, udongo au chakula kilichochafuliwa na mkojo huo, hasa akiwa na mchubuko, au bakteria wakiingia machoni, puani au mdomoni. Ugonjwa unatibika kwa antibayotiki, na ukiwahiwa matokeo huwa mazuri zaidi.

Wazee wa Lushoto, mkoani Tanga, wanaikumbuka tauni. Kuanzia mwaka 1980 ugonjwa huo uliisumbua wilaya hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Tauni husafirishwa na viroboto wanaoishi kwenye manyoya ya panya. Panya akifa na mwili wake ukapoa, viroboto humkimbia na kutafuta mwili mwingine wenye joto, awe panya, paka au binadamu. Ndiyo maana panya aliyekufa hatakiwi kuachwa akioza nyuma ya kabati, na hatakiwi kushikwa kwa mkono mtupu.

Mende nao wana yao. Wanatoka chooni na kwenye mitaro, wanapita juu ya vyombo na chakula usiku, na miguu yao inabeba vimelea vya kuhara. Isitoshe, kinyesi chao na vipande vya miili yao vinapokauka huwa vumbi linaloweza kuamsha pumu. Mtoto anayekohoa kila usiku huku dawa zikiisha bila nafuu, huenda chanzo kimojawapo kiko nyuma ya friji.

Kunguni wanaogopwa kuliko wote, lakini hakuna ushahidi kwamba wanaambukiza watu magonjwa kwa kuwauma. Madhara yao ni muwasho, vidonda vya kujikuna na usingizi unaokatika. Mtoto asiyelala vizuri atasinzia darasani.

Kilichomo ndani ya pakiti

Neno "dawa" limeficha mengi. Vinavyouzwa kwa jina hilo ni vitu tofauti, na kila kimoja kinadhuru kwa njia yake.

Kuna sumu za panya zinazozuia damu kuganda. Nyingi huja kama punje au vipande vya rangi ya bluu, kijani au pinki, na mtoto anaweza kudhani ni pipi. Hatari yake ni kwamba hazionyeshi kitu siku ya kwanza. Mtoto anacheza, anakula, mzazi anapumua. Baada ya siku mbili, tatu au zaidi ndipo damu huanza kutoka kwenye fizi au puani, mkojo ukawa mwekundu na ngozi ikavilia bila kuumia. Sumu hii ina tiba hospitalini, vitamini K, lakini inafaa zaidi mtoto akipelekwa kabla damu haijaanza kutoka.

Kuna unga wa kijivu au mweusi ambao wengi huuchanganya na dagaa. Aina moja ya unga huo ni zinki fosfaidi. Ukikutana na tindikali ya tumboni hutoa gesi ya sumu, na madhara yake huja kwa saa, hayangoji siku.

Kuna vidonge vya kuhifadhia mahindi. Hivi vina alumini fosfaidi, na vilitengenezwa kwa ajili ya maghala ya nafaka yanayofungwa vizuri na kukaa bila watu. Vikipata unyevu, hata ule wa hewani tu, hutoa gesi ya fosfini. Wapo wanaoviweka vyumbani ili kuua kunguni au panya, na wapo wanaovitumbukiza kwenye gunia la mahindi lililo pembeni ya kitanda.

Gesi hiyo haina mpaka. Kwenye nyumba nyingi za kupanga ukuta haufiki juu, hivyo kilichowekwa chumba cha kwanza kinafika cha tatu wakati watu wamelala. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kifua kubana na kushindwa kupumua. Familia nzima ikiamka inatapika, watu hudhani ni chakula cha jana. Fosfini haina dawa mahsusi ya kuizima mwilini. Madaktari husaidia tu viungo viendelee kufanya kazi. Kidonge cha mahindi hakitakiwi kuingia chumba cha kulala kwa sababu yoyote.

Kuna dawa za maji za kunyunyizia, ambazo muuzaji huzipima kutoka kwenye dumu na kuzitia kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Baadhi ni za shambani na ziko kwenye kundi la oganofosfeti. Mtoto akizinywa, au zikimmwagikia na kupenya kwenye ngozi, hutokwa na mate na machozi mengi, jasho, mboni za macho husinyaa, huhara, hupumua kwa shida na anaweza kupata degedege.

Mwisho kuna chaki ya mende. Inafanana kabisa na chaki ya mwalimu, na mtoto wa chekechea akiiokota ataiandikia ukutani, kisha atalamba vidole. Kitu chochote chenye sumu kinachofanana na pipi, soda au kifaa cha shule hakifai kukaa kwenye nyumba yenye mtoto.

Anayewalisha ni nani?

Panya, mende na nzi wanafuata vitu vitatu: chakula, maji na maficho. Nyumba ikiviacha hivyo vitatu, sumu itaua waliopo wiki hii na wengine watahamia wiki ijayo. Panya jike hubeba mimba kwa takriban wiki tatu tu na kuzaa watoto kadhaa kwa mara moja. Kasi hiyo haishindwi kwa pakiti za mtaani.

Chakula hakimaanishi wali uliobaki peke yake. Ni pumba za kuku kwenye mfuko wazi, sufuria ya ugali iliyolowekwa hadi asubuhi, makombo chini ya kochi, mafuta yaliyorukia nyuma ya jiko, taka zilizofungwa kwenye mfuko mwepesi wa plastiki na kuachwa mlangoni.

Pua ya panya si ya kuchezea. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya wa nyumbani ni wa jamii nyingine, lakini naye anaongozwa na pua. Sufuria iliyofunikwa kwa sahani iliyopinda, kwake haijafunikwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni vifuniko. Unga, mchele, maharage, sukari na pumba viwekwe kwenye ndoo ngumu zenye mfuniko unaobana. Mfuko wa salfeti na wa nailoni panya anautoboa kwa dakika chache. Vyombo vioshwe kabla ya kulala. Maji yakiwa ya shida na kuosha hakuwezekani usiku, mabaki yakombwe na vyombo vifunikwe ndani ya beseni.

Kazi ya pili ni ukavu. Mende anaweza kukaa siku nyingi bila chakula kuliko bila maji. Koki inayodondosha, kitambaa kibichi kwenye sinki na trei ya maji nyuma ya friji ni visima vyao. Kufuta sinki likauke kabla ya kulala hakugharimu kitu.

Kazi ya tatu ni kupunguza maficho. Maboksi ya zamani, magazeti, nguo zisizovaliwa na mbao zilizorundikwa uani ndizo nyumba zao. Vinavyohitajika vinyanyuliwe kutoka sakafuni na visogezwe mbali kidogo na ukuta, ili fagio lipite.

Kwenye nyumba ya kupanga mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa jiko ni moja, korido ni moja na choo ni kimoja. Mpangaji mmoja akipuliza dawa peke yake, mende wanahamia kwa jirani, na baada ya wiki wanarudi. Wapangaji wakikubaliana siku moja ya kufanya usafi kwa pamoja, na mwenye nyumba akaziba matundu ya korido na kuweka pipa la taka lenye mfuniko, kila chumba kinafaidika.

Panya: ziba, kisha tega

Panya mdogo wa nyumbani anaweza kupita kwenye tundu lenye upana wa penseli. Mzazi achukue tochi, azunguke nyumba ndani na nje, aangalie mabomba yanapoingia ukutani, chini ya milango, pembe za dari na tawi la mti linalogusa paa. Alama za mafuta meusi ukutani na kinyesi kama punje za mchele mweusi zinaonyesha njia wanayopita.

Tundu dogo lijazwe waya wa kusugulia sufuria, uliosokotwa na kubanwa sana, kisha lipakwe saruji juu yake. Panya hapendi kutafuna waya. Kwenye dirisha au tundu la hewa uwekwe wavu wa chuma wenye macho madogo. Wavu wa banda la kuku hautoshi. Chini ya mlango ugongelewe ukanda wa mpira au wa bati usioacha upenyo.

Baada ya kuziba ndipo mtego unafaa. Mtego wa kubana uwekwe ukutani, kwenye njia yao, upande wenye chambo ukielekea ukuta, kwa sababu panya hutembea akiusugua. Chambo kiwe kidogo: dagaa mmoja aliyefungwa kwa uzi au karanga zilizosagwa. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni, hivyo mtego unaweza kuachwa na chambo bila kutegwa kwa siku mbili tatu hadi auzoee.

Mtego nao uwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, kama vile nyuma ya kabati zito au ndani ya boksi lenye tundu dogo. Gundi ya panya iangaliwe kila asubuhi, kwani panya aliyenasa akiwa hai anaendelea kukojoa hapo na anaweza kumng'ata mtoto atakayemsogelea.

Panya aliyekufa ashikwe kwa glavu au mfuko wa plastiki uliovikwa mkononi, afungwe na kufukiwa au kutupwa kwenye taka zinazochukuliwa. Kinyesi chake kisifagiliwe kikavu, maana vumbi huruka na kuvutwa puani. Kimwagiwe kwanza maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kipimo 1 cha dawa kwa vipimo 9 vya maji, kiachwe dakika 5, kifutwe kwa tambara, kisha mikono ioshwe kwa sabuni.

Mende: chambo kuliko moshi

Mende wadogo wa rangi ya kahawia wanaojaa jikoni huzaliana haraka. Jike mmoja hubeba mfuko mdogo wenye mayai 30 hadi 40, na mayai yaliyo ndani ya mfuko huo hayafikiwi kirahisi na dawa ya kupuliza. Kopo likipulizwa jioni, asubuhi sakafu inajaa mizoga na mzazi anafurahi. Wiki chache baadaye mayai yameanguliwa.

Kupuliza pia huwatawanya. Wanakimbilia nyuma ya soketi, ndani ya redio na chumba cha watoto, huku dawa yenyewe ikibaki kwenye vyombo na hewani.

Njia yenye nafuu ni chambo cha jeli kinachouzwa kwenye bomba dogo. Kinawekwa kwa vidonge vidogo kama punje ya mchele kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji na nyufa za juu, sehemu ambazo mtoto hafiki. Mende anakula, anarudi maficho na kufia huko, na wenzake wanaokula mzoga au kinyesi chake nao hufa. Anayetumia jeli asipulize dawa sehemu hiyohiyo, kwa sababu harufu itawafukuza mende wasikile chambo. Na jikoni kukiwa na makombo, hawatakuwa na haja ya kula jeli.

Kunguni: joto na uvumilivu

Watoto wa bweni hufunga shule, tranka zinarudi nyumbani, na kunguni wanashuka nazo. Mzazi mwenye mtoto wa bweni afungulie tranka uani juani, akague pembe na bawaba zake, na nguo zote zifuliwe kabla hazijaingia chumbani. Aibu isiwepo hapa. Kunguni hachagui nyumba safi wala chafu, anafuata joto na damu.

Wakishaingia, hakuna haja ya kumwaga mafuta ya taa au petroli kwenye kitanda. Mafuta hayo yanawaka, na mvuke wake unamdhuru mtoto anayelala hapo. Makopo ya kupuliza nayo yanakata tamaa, kwani katika nchi nyingi kunguni wamekuwa sugu kwa pairethroidi, kundi la dawa lililomo kwenye makopo mengi.

Kinachowaua kwa uhakika ni joto. Mashuka, foronya, chandarua na nguo viloweshwe kwenye maji ya moto sana, kama kitambaa kinaruhusu, kisha vianikwe juani hadi vikauke kabisa. Kitanda kifunguliwe, chaga zitolewe nje, na maji yanayochemka yamwagwe taratibu kwenye nyufa na matundu ya misumari, watoto wakiwa mbali. Pindo za godoro zisuguliwe kwa brashi ngumu. Kuanika godoro peke yake hakutoshi, kwa kuwa joto la jua halifiki ndani.

Mayai ya kunguni huanguliwa kwa takriban siku 6 hadi 10. Kwa hiyo kazi yote irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, na tena hivyo hivyo, mpaka asionekane hata mmoja. Wengi hushindwa hapa: wanafanya mara moja, wanapumzika, na mayai yaliyobaki yanaanza ukurasa mpya.

Kama sumu haina budi

Ipo hali ambapo usafi na mitego havitoshi. Hapo mzazi anunue kwenye duka linalojulikana, kitu chenye lebo inayosomeka. Nchini Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao makuu Arusha. Lebo inapaswa kuonyesha jina la sumu iliyomo, namba ya usajili, matumizi yake, kipimo na huduma ya kwanza.

Sumu ibaki kwenye chombo ilichonunuliwa nacho. Ifungiwe kwa ufunguo, juu, mbali na chakula na dawa za binadamu. Sumu ya panya iwekwe ndani ya boksi maalumu la chambo linalofungwa, kamwe isitandazwe wazi sakafuni au kupakwa kwenye mkate na nyanya. Chumba kikipulizwa, watoto, vyombo na chakula vitoke, na watu warudi baada ya muda ulioandikwa kwenye lebo huku madirisha yakiwa wazi.

Kwa familia inayohifadhi mahindi ya mwaka mzima, ipo mifuko isiyopitisha hewa, kama ile inayofahamika kwa jina la PICS, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa nje. Nafaka iliyokauka vizuri ikifungwa humo, wadudu wanaishiwa hewa na kufa bila kidonge chochote. Mifuko hiyo iwekwe mbali na panya, kwa sababu tundu moja linatosha kuiharibu.

Mtoto akishakula sumu

Dakika za kwanza hupotezwa na mambo mawili: kumnywesha maziwa na kumtapisha. Maziwa hayaondoi sumu, na mtoto anayelegea akinyweshwa chochote anaweza kupaliwa. Kumtapisha kwa kidole au maji ya chumvi kunaweza kuingiza sumu kwenye mapafu, hasa kama ni dawa iliyochanganywa na mafuta ya taa.

Kinachotakiwa ni kutoa mabaki mdomoni kwa kitambaa, kumvua nguo zilizolowa na kumwosha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Sumu ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Anayemhudumia avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi.

Kisha ni hospitali, bila kusubiri dalili, hata kama mtoto anacheka na kucheza. Pakiti, chupa au kikaratasi kilichobaki kibebwe, kwa kuwa daktari akijua jina la sumu anaanza tiba sahihi mapema. Mzazi aseme ukweli wote: alikula nini, kiasi gani, saa ngapi. Kuogopa kulaumiwa kusimfanye aseme "sijui ameokota wapi."

Ikiwa ni vidonge vya mahindi na watu wanatapika chumbani, wote watoke nje kwenye hewa safi kwanza, majirani wa vyumba vya karibu nao waamshwe. Vidonge visimwagiwe maji, kwani maji yataongeza gesi.

Jambo la kuanza nalo leo jioni halihitaji fedha. Mzazi aangalie chini ya kitanda, juu ya kabati, chini ya sinki na dirishani, na kama kuna dada wa kazi au bibi anayebaki na watoto, aangalie naye. Kila kikaratasi cha unga usiojulikana, kila chaki na kila chupa ya soda yenye kitu kisicho soda vikusanywe. Visimwagwe chooni wala mtaroni, visichomwe. Vifungwe kwenye mfuko, vifungiwe kwa ufunguo mahali pakavu nje ya vyumba vya kulala, na kesho aulizwe ofisa afya wa kata jinsi ya kuviteketeza.